Mwalimu Brown: maisha ya Barry Evans na darasa lililogawanya watazamaji

*Alizaliwa akatupwa, akapata jina kwenye runinga ya Uingereza, akafa akiwa dereva wa teksi. Kipindi kilichompa umaarufu kingali kinabishaniwa: kiliwacheka wageni, au kilicheka nao?*

Februari 1997, polisi wa Leicestershire, katikati ya Uingereza, walikwenda katika kijiji cha Claybrooke Magna kumpelekea mkazi mmoja habari njema. Gari lake lililoibwa lilikuwa limepatikana. Walipofika nyumbani kwake walimkuta amefariki dunia.

Alikuwa na miaka 53. Riziki yake ya miaka ile ya mwisho ilitoka kwenye teksi, zile ambazo abiria huziita kwa simu. Jina lake Barry Evans. Kwa mtu aliyekulia mbele ya runinga jijini Nairobi, Lagos, Colombo au Karachi, uso wake haukuhitaji utambulisho: ndiye Jeremy Brown, mwalimu kijana mwenye haya na subira nyingi, aliyefundisha Kiingereza darasa la wageni katika kipindi cha *Mind Your Language*.

Kipindi hicho kilifutwa na kituo kilichokitengeneza wakati bado kinapendwa, kwa hoja kwamba kiliwadhalilisha wageni. Nchi walikotoka wageni hao zikaendelea kukitazama kwa miongo kadhaa. Wapo wanaokiona kama aibu ya zama zake, na wapo wanaokikumbuka kama furaha ya utotoni. Katika mabishano yote hayo, mtu anayetajwa kwa nadra ni yule aliyesimama mbele ya ubao.

Mtoto asiye na kwao

Barry Evans alizaliwa Juni 18, 1943, Guildford, mji wa mkoa wa Surrey, kusini mwa London. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ingali inapiganwa. Alitelekezwa akiwa mchanga, akakulia katika vituo vya kulelea yatima. Hakuwa na baba wa kumtafutia shule wala mjomba wa kumshika mkono mjini.

Alichokuwa nacho ni kipaji kilichoonekana mapema. Katika michezo ya kuigiza ya shule ndiye aliyepewa nafasi za mbele. Alipokua akapata ufadhili wa masomo uliobeba jina la John Gielgud, mmoja wa waigizaji wakubwa wa jukwaa Uingereza katika karne iliyopita, uliompeleka kusoma Central School of Speech and Drama, chuo cha uigizaji chenye heshima jijini London. Kijana aliyelelewa kwa hisani ya umma akaingia mahali ambapo wengi walifikishwa na pesa za wazazi wao.

Bahati ya kwanza kubwa ilimjia alipokuwa na umri wa miaka 24. Mwongozaji Clive Donner alimchagua kuwa mhusika mkuu wa filamu *Here We Go Round the Mulberry Bush*, iliyotokana na riwaya ya Hunter Davies. Alimwigiza Jamie McGregor, mvulana wa shule ambaye mawazo yake yote yako kwa wasichana. Filamu ilitoka Uingereza mwanzoni mwa 1968, ikaorodheshwa kushindana katika tamasha la Cannes mwaka uleule. Tamasha lilivunjwa katikati kwa sababu ya maandamano na migomo iliyoitikisa Ufaransa Mei 1968. Mwigizaji mchanga aliyekaribia kuonekana mbele ya ulimwengu wa sinema akabaki bila shindano hilo kufika mwisho.

Donner alimpa nafasi nyingine, ndogo zaidi, katika filamu ya kihistoria *Alfred the Great* ya 1969. Lakini mwaka huo runinga ndiyo iliyomchukua.

Daktari mwanafunzi

Julai 1969, kituo cha London Weekend Television, maarufu kwa kifupi LWT, kilianza kuonyesha *Doctor in the House*, vichekesho kuhusu wanafunzi wa udaktari vilivyotokana na vitabu vya Richard Gordon. Evans alikuwa Michael Upton, mwanafunzi mpya anayeingia hospitali ya Mtakatifu Swithin macho yamemtoka. Wenzake walikuwa Robin Nedwell, Geoffrey Davies na George Layton. Profesa mkali akawa Ernest Clark.

Wasomaji wanaopenda vichekesho vya Kiingereza watavutiwa na majina ya watunzi. Sehemu ya kwanza iliandikwa na John Cleese na Graham Chapman, ambao mwaka uleule walikuwa wakikianzisha kikundi cha vichekesho cha Monty Python. Upton akahitimu, na mwaka 1971 hadithi ikaendelea kwa jina la *Doctor at Large*, sehemu 29 ndani ya mwaka mmoja.

Mojawapo ya sehemu hizo ina nafasi ya pekee katika historia ya runinga. Cleese alikuwa amekaa katika hoteli moja mjini Torquay na kushangazwa na ukali wa mwenyewe kwa wageni wake. Akaandika kisa ambamo Daktari Upton anafikia katika hoteli ya namna hiyo. Mtayarishaji Humphrey Barclay akamwambia kwamba mhusika yule angeweza kubeba mfululizo mzima. Miaka minne baadaye, 1975, ikazaliwa *Fawlty Towers*. Mgeni wa kwanza kusumbuliwa na mtangulizi wa Basil Fawlty, mwenye hoteli wa kipindi hicho, alikuwa Barry Evans.

Baada ya *Doctor at Large* Evans aliondoka. Mfululizo ukaendelea kwa miaka mingi kwa majina mapya, Nedwell akiwa mbele. Evans akaingia katika ukame. Mwaka 1976 alionekana katika *Adventures of a Taxi Driver* na *Under the Doctor*, filamu za bei nafuu zilizochanganya uchi na utani, aina iliyojaza majumba ya sinema ya Uingereza wakati sinema nyingine zilikuwa zinakufa njaa. Katika ile ya kwanza alikuwa dereva wa teksi. Kwa aliyesoma Central, hiyo haikuwa safari aliyoipanga.

Darasa la jioni

Aliyemtoa huko ni Vince Powell, mtunzi mzaliwa wa Manchester ambaye, pamoja na mwenzake Harry Driver, alikuwa ameandika vichekesho vingi vya mtandao wa vituo vya ITV. Kimojawapo ni *Love Thy Neighbour*, kuhusu familia ya wazungu na ya weusi zinazoishi nyumba jirani, ambacho hata siku zile kiliwagawa watu. Driver alifariki 1973. Powell akiwa peke yake akapata wazo jipya kutoka nyumbani kwake: binti wa kigeni aliyeishi nao akisaidia watoto alikuwa akienda jioni kujifunza Kiingereza.

Wazo lenyewe ni jepesi. Shule ya London, jioni, elimu ya watu wazima, kile kisomo ambacho wazee wa Afrika Mashariki wanakikumbuka kwa jina la ngumbaru. Mwalimu mpya anafika. Mkuu wa shule, Bi Courtenay, aliyeigizwa na Zara Nutley, hapendi walimu wanaume na hafichi. Anampa mwezi mmoja wa majaribio na kumjulisha kwamba aliyemtangulia alirukwa na akili.

Kisha wanafunzi wanaingia, mmoja mmoja. Ali Nadim, Mwislamu wa Pakistan, na Ranjeet Singh, Kalasinga wa Punjab, wanataka kupigana kabla hata somo halijaanza. Giovanni, mpishi wa Italia. Max, Mgiriki. Juan, mhudumu wa baa kutoka Hispania, anayejibu kila swali kwa "por favor". Danielle, Mfaransa anayemtega mwalimu. Anna, Mjerumani. Taro, Mjapani wa kampuni ya vifaa vya umeme, anayeinama kila anaposema. Su-Lee, Mchina asiyeachana na kitabu chekundu cha Mao. Na Jamila, mama wa Kihindi anayefuma sweta, ambaye mwanzoni karibu hajui Kiingereza kabisa.

Sehemu ya kwanza ilirushwa Desemba 30, 1977. Misimu ikawa mitatu hadi mwisho wa 1979, jumla ya sehemu 29. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, watazamaji walifika milioni 18 hivi.

> Kicheko kilikuwa cha wanafunzi. Kazi ya Evans ilikuwa kukiandalia mahali pa kutua.

Kazi isiyopigiwa makofi

Mtu akikitazama tena kipindi hicho leo bila kumfuata anayesema, akamfuata anayesikiliza, ataona jambo la kushangaza. Karibu kila mzaha unampitia Evans. Anauliza swali rahisi, labda maana ya neno au jina la waziri mkuu. Swali linazunguka darasani, kila jibu likipotea zaidi ya lililotangulia. Kamera inarudi kwake. Anafumba macho. Anavuta pumzi. Anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejikaza, kisha anaanza upya.

Ni kazi ya kiungo wa timu anayepiga pasi na kumwachia mwingine bao. Ranjeet akisema "thousand apologies" huku viganja vimekutana, au Giovanni akipaza sauti yake ya "Holy ravioli", ukumbi unacheka. Watu hawakumbuki kwamba sekunde moja kabla ya hapo kuna mtu aliyenyamaza kwa kipimo sahihi. Akinyamaza kidogo mno, mzaha unakufa. Akinyamaza kupita kiasi, anaonekana anamdharau mwanafunzi.

Na hapo ndipo ulipo ubora wa Evans. Mwalimu Brown hakuwa malaika. Ana maneno ya pembeni, mengine makali. Lakini katika mikono ya mwigizaji mwingine, mwenye sauti ya juu na kifua mbele, mwalimu yule angekuwa bwana mkubwa anayecheza na washamba. Evans alimfanya kuwa mtu anayeshindwa pamoja na darasa lake. Anamwogopa mkuu wake kuliko wanafunzi wanavyomwogopa yeye. Anawatetea kwa Bi Courtenay. Anapokasirika, anakasirika kama mtu anayejali kama watafaulu mtihani wao wa Cambridge.

Tatizo la kazi ya namna hiyo ni kwamba haina jina. Mwigizaji anayeshika msemo mmoja wa kuchekesha anaweza kuishi kwa msemo huo hadi uzeeni. Anayesikiliza vizuri hana cha kuuza kikiisha kipindi.

Waliokuwa nyuma ya lafudhi

Ukumbi mzima wa studio uliamini kuwa unasikia lafudhi za kweli. Kwa kiasi kikubwa haikuwa hivyo, na jambo hili linaufanya ubishi uwe mgumu zaidi kuliko unavyoonekana.

Albert Moses, aliyekuwa Kalasinga Ranjeet, alizaliwa Gampola, katika nchi iliyoitwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Dino Shafeek, aliyekuwa Mpakistani Ali, alizaliwa Dhaka, jiji ambalo katika uhai wake lilitoka kuwa la India ya mkoloni, likawa la Pakistan, kisha mji mkuu wa Bangladesh. Pik-Sen Lim, aliyeshika kitabu cha Mao, alitoka Penang, Malaysia. Françoise Pascal, Mfaransa wa darasani, ni mzaliwa wa Mauritius. Kevork Malikyan, Mgiriki Max, ni Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Ricardo Montez, Mhispania Juan, alikuwa wa Gibraltar.

Kwa maneno mengine, watu waliohamia Uingereza walilipwa kuwaiga watu wengine waliohamia Uingereza. Walikuwa waigizaji waliosomea kazi yao na kuzungumza Kiingereza safi, na kila wiki walikiharibu kwa ustadi.

Mkenya hawezi kulishangaa hilo. Mzee Ojwang, yule wa kipindi cha *Vitimbi* aliyewachekesha Wakenya kwa lafudhi ya Kijaluo kwa miongo kadhaa, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alifariki Julai 2015. Wajaluo wengi walimpenda kama mtu wao. Lafudhi ya kuigiza inaweza kuwa tusi, na inaweza kuwa mapenzi. Mara nyingi inategemea nani yuko ukumbini na nani ana nguvu nje ya ukumbi.

Uingereza ya mwaka 1977

Nje ya studio za LWT, nguvu ilikuwa wapi?

Miaka tisa kabla ya Mwalimu Brown kushika chaki, bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha kwa haraka sheria ya uhamiaji ya 1968, iliyowafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Agosti 1972, Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifikia hatua ya kuweka tangazo katika gazeti la *Uganda Argus* jijini Kampala, ikiwasihi wasije Leicester kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walikwenda vilevile, kwa maelfu, na leo jiji hilo linajivunia maduka na sherehe zao.

Wengi wa watu hao walijua Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza kabla ya kupanda ndege. Mama mmoja wa kundi hilo pana la Wahindi wa Afrika Mashariki, Jayaben Desai, aliyeishi Tanganyika kabla ya kuhamia London, aliongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick ulioanza 1976 na kuendelea hadi 1978. Wakati Jamila wa runinga alikuwa akifuma sweta na kuhangaika na Kiingereza, Desai alikuwa akiwajibu mameneja na polisi mbele ya kamera za habari, kwa Kiingereza chake mwenyewe, na nchi nzima ikamsikiliza.

Agosti 1977, miezi minne kabla ya sehemu ya kwanza kurushwa, wafuasi wa National Front, chama kilichotaka wageni warudishwe makwao, waliandamana Lewisham, kusini mashariki mwa London, wakakabiliwa na maelfu ya wapinzani wao. Mtoto wa Kihindi au Kipakistani aliyekwenda shule Jumatatu asubuhi alijua nini kingemngojea uwanjani: misemo ya Ali na Ranjeet, ikitoka vinywani mwa wenzake, bila Mwalimu Brown wa kuwatuliza.

Shtaka na utetezi

Hilo ndilo shtaka, na ni zito. Kipindi kilimpa kila mtu sifa moja ya taifa lake na kumfungia humo. Mfaransa ni mtongozaji. Mjerumani ni mkali wa utaratibu. Mchina ni mashine ya siasa. Mwislamu na Kalasinga hawawezi kukaa dawati moja, na damu iliyomwagika Punjab mwaka 1947, India ilipogawanywa, inageuzwa kelele za kuchekesha. Aliyefikia uamuzi ni Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa vipindi wa LWT, ambaye baadaye angeiongoza Channel 4 na hata BBC. Aliona taswira zile zinaudhi, na mwaka 1979 kipindi kikaisha kikiwa bado na mamilioni ya watazamaji.

Utetezi nao si mwepesi. Katika miaka ile, mwigizaji wa asili ya Asia aliyetaka kazi kwenye runinga ya Uingereza alikuta hata nafasi za Waasia zimechukuliwa na wazungu. Mwaka 1969 LWT hiyohiyo ilimpaka rangi Spike Milligan ili awe Mpakistani katika *Curry and Chips*. Katika *It Ain't Half Hot Mum* ya BBC, Dino Shafeek alicheza pembeni ya Michael Bates, Mwingereza aliyepakwa rangi kuwa Mhindi na kupewa nafasi kubwa kumzidi. *Mind Your Language* iliwaweka Moses, Shafeek, Lim na Jamila Massey, mzaliwa wa Simla, India, mbele ya kamera kila wiki, majina yao yakisomeka mwishoni.

Watetezi huongeza kwamba Waingereza wenyewe hawakuachwa. Bi Courtenay ni kinyago cha kiburi cha Kiingereza, na Sidney, mtunza jengo kutoka mitaa ya wafanyakazi ya London, anazungumza kwa mafumbo ya mtaani yasiyoeleweka hata kwa mwalimu. Ni kweli. Lakini hoja hiyo ina tundu: Mwingereza aliyechekwa Ijumaa usiku hakukosa nyumba ya kupanga Jumatatu kwa sababu ya kichekesho hicho. Mpakistani aliweza kuikosa.

> Mwingereza aliyechekwa Ijumaa hakukosa nyumba ya kupanga Jumatatu.

Pande zote mbili zina haki, na kosa ni kudhani kwamba lazima moja ifutwe. Maandishi ya Powell yalikuwa membamba, mengine ya kuumiza. Waigizaji walifanya kazi kubwa kuliko maandishi yale. Uamuzi wa kukiondoa kipindi katika Uingereza ya wakati ule unaeleweka. Furaha ya mtazamaji wa Nairobi haikuwa ujinga.

Ng'ambo ya bahari

Kwa nini Nairobi ilicheka? Runinga ya taifa ya Kenya ilikionyesha kipindi hicho kwa jamii ambayo karibu kila mtu ndani yake alijifunza Kiingereza darasani, mbele ya mwalimu mwenye mamlaka. Mtazamaji huyo hakuwa Mwingereza anayemcheka mgeni. Alikuwa mwanafunzi. Alijua aibu ya kusimama na kutamka neno vibaya, na katika nchi ambako shule nyingi ziliwaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha ya mama, alijua pia kwamba aibu hiyo ilikuwa na bei.

Halafu akamwona mwalimu asiyeshika kiboko. Mwalimu anayesahihisha kosa lilelile mara kumi, akikata tamaa na kurudi tena kesho. Huenda hiyo ndiyo sababu wengi wakikumbuka kipindi hicho hutaja kwanza upole wa Brown kabla ya msemo wa mtu yeyote.

Jambo moja linafaa kusemwa wazi. Katika darasa lile la dunia nzima, misimu yote mitatu ya LWT, hakukuwa na Mwafrika mweusi hata mmoja miongoni mwa wanafunzi wa kudumu. Tulikitazama kipindi ambacho hatukuwemo. Pengine kutokuwemo kulirahisisha kicheko. Kama dawati moja lingekuwa na mtu wa Mombasa au Kampala aliyeandikwa kwa kalamu ileile ya Powell, kumbukumbu tamu ya leo ingekuwa na ladha nyingine.

Mfumo wa kipindi ulisafiri hata mahali ambapo sauti zake hazikufika. Marekani walitengeneza *What a Country!* mwaka 1986, mchekeshaji mzaliwa wa Soviet Yakov Smirnoff akiwa kwenye dawati. Nchi nyingine zilifuata kwa lugha zao.

Miaka ya kusubiri simu

Baada ya 1979 Evans alikuwa na miaka 36 na uso wa kijana wa 25. Sura hiyo, iliyomfikisha Cannes nusu njia, sasa ilimfunga. Nafasi za kina baba na wakubwa wa ofisi hazikumfaa; nafasi za vijana zilikwenda kwa vijana. Kazi zikaja kwa matone.

Mwaka 1986 *Mind Your Language* ilifufuliwa na kampuni binafsi, sehemu 13. Evans alirudi, pamoja na Moses, Massey na wengine kadhaa. Darasa lilikuwa na pengo: Dino Shafeek alikuwa amefariki 1984. Vituo vichache tu vya ITV vya mikoani vilikubali kuonyesha, na msimu huo haukuendelea. Aliyetegemea ufufuo huo kumrudisha jukwaani hakurudi.

Filamu yake ya mwisho, *The Mystery of Edwin Drood* iliyotokana na riwaya ambayo Charles Dickens aliiacha bila kuimaliza, ilitoka 1993. Akiwa Leicestershire akaanza kuendesha teksi.

Hakuna aibu katika kazi hiyo. Kinachouma ni mfumo uliomfikisha hapo. Waigizaji wa kizazi chake hawakuwa na mshahara wa kudumu; kipindi kilipoisha, mkataba uliisha. Mtu aliyekua bila familia aliingia katika tasnia isiyo na familia, na umaarufu wake mkubwa uliobaki ulikuwa katika nchi ambazo hakuishi, miongoni mwa watu ambao hawakujua pa kumtafuta.

Uchunguzi wa kifo chake haukutoa jibu. Kulikuwa na jeraha la pigo kichwani na kiwango kikubwa cha pombe mwilini. Kulikutwa pia vidonge vya aspirini, lakini hakuwa amevinywa. Kijana wa miaka 18 alikamatwa kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Mamlaka ya uchunguzi wa vifo ikaacha suala wazi, uamuzi ambao katika sheria ya Uingereza unamaanisha kwamba ushahidi haukutosha kutaja chanzo: haikuwa ajali iliyothibitishwa, wala kujiua, wala mauaji. Mwili wake ulichomwa Golders Green, London.

Vince Powell alifariki 2009, Albert Moses 2017. Hakuna aliyemwandikia Evans nafasi nyingine inayolingana na kipaji chake, na hilo ni deni la runinga ya Uingereza zaidi ya deni la mtu mmoja.

Dawati lageuzwa

Mwaka uleule wa filamu yake ya mwisho, 1993, Doordarshan, runinga ya taifa ya India, ilianza kuonyesha *Zabaan Sambhalke*, kipindi kilichojengwa juu ya kile cha London. Mwalimu aliigizwa na Pankaj Kapur, mmoja wa waigizaji bora wa nchi hiyo. Mhusika wake ni mhandisi aliyekosa kazi ya fani yake, akaishia kufundisha jioni.

Somo darasani humo ni Kihindi. Wageni wanakosea jinsia za maneno, wanavuruga viambishi, wanampasua mwalimu kichwa. Kapur anafanya kile alichokifanya Evans: anafumba macho, anavuta pumzi, anauliza upya. Na kwenye mojawapo ya madawati, daftari mkononi, akihangaika kutamka sawasawa, ameketi Mwingereza anayeitwa Charles Spencers.